Daftari la Chama cha Majadiliano

Maongezi ya leo ni juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hukipita bila kukitazama, nacho ni daftari ambamo chama cha wanafunzi huandika majadiliano yake. Nataka tuone daftari hilo ni la namna gani, limewafaa nini watu waliolitunza, na kwa nini yatupasa sisi nasi kulitunza.

Waswahili wa pwani wana methali isemayo, Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka aijua sana maana yake. Akikopesha chumvi na sabuni bila kuandika, baada ya miezi miwili hajui ni nani mwenye deni lake, na mdeni naye hakumbuki. Lakini mali si chumvi na sabuni tu. Mawazo ya watu waliokutana wakashindana kwa hoja ni mali pia, nayo hupotea upesi kuliko chumvi. Chumvi ikimwagika, waona mahali ilipomwagika. Bali neno likisha kutoka kinywani haliachi alama yo yote chini.

CHAMA CHENYEWE

Kwanza tufahamu chama chenyewe. Chama cha majadiliano, ambacho siku hizi shuleni twakiita pia chama cha mdahalo, ni mkutano wa wanafunzi wenye kanuni zake. Hutolewa hoja moja. Wasemaji wengine huitetea, wengine huipinga, kila mmoja kwa muda aliopewa. Mwenyekiti huangalia utaratibu; hamruhusu mtu kumkata mwenzake maneno, wala kumtukana. Mwisho hupigwa kura, ikajulikana ni upande gani uliowavuta watu wengi zaidi. Pembeni huketi karani mwenye kalamu, naye huandika.

Kujadiliana si kugombana. Katika ugomvi mtu hutaka kumwangusha mwenzake. Katika majadiliano hutaka kuiangusha hoja ya mwenzake, na wakisha maliza huenda pamoja kula. Tena kuna faida nyingine: mara nyingi mwanafunzi hupewa upande asioupenda. Hapo hulazimika kutafuta maneno bora kabisa ya watu asiokubaliana nao, na akisha kuyatafuta huwaheshimu kidogo kuliko alivyodhani.

Mtu asiseme kwamba desturi hii ni ngeni kwetu. Wazee wa Wabena, Wahehe, Wakinga na Wapangwa waliketi barazani wakaamua mashauri ya mipaka, ya mahari na ya vita, na mtu alisema kwa zamu yake wengine wakanyamaza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jambo hilo wazee walilijua kabla shule haijafika milimani. Tofauti iliyokuwapo kati ya baraza zile na vyama vya wanafunzi nitakavyovitaja sasa ni moja tu: huko aliketi karani.

VYUO VIWILI VYA UINGEREZA

Vyama vya wanafunzi vilivyojulikana sana katika karne ya 19 vilikuwa viwili, kimoja katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kimoja katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kile cha Cambridge kilianzishwa mwaka 1815, vyama vidogo vitatu vilipoungana vikawa kimoja. Kile cha Oxford kilianza mwaka 1823, kikaundwa upya mwaka 1825. Vyote viwili vipo hata leo.

Wala tusidhani kwamba wakubwa wa vyuo walivifurahia tangu mwanzo. Mwaka 1817 mkuu wa Cambridge alikifunga chama cha wanafunzi wake. Hiyo ilikuwa miaka ya wasiwasi mkubwa Uingereza: vita na Ufaransa vilikuwa vimekwisha, mkate ulikuwa ghali, na serikali iliogopa kila mkutano wa watu. Chama kilikaa kimefungwa hata mwaka 1821, kikafunguliwa kwa sharti kwamba wanafunzi wasijadili mambo ya siasa ya miaka ya karibuni. Yaani waliambiwa, Semeni, lakini semeni juu ya mambo yaliyokwisha poa. Hapo twaona neno moja: wenye mamlaka hawaogopi porojo; huogopa maneno yaliyopangwa vizuri, yaliyosikiwa na wengi na kupigiwa kura.

Sasa ndani ya daftari mwaandikwa nini? Atakayelifungua akitazamia kukuta hotuba ndefu tamu ataona mambo machache tu: tarehe, hoja kwa maneno yake yenyewe, jina la aliyeitoa, majina ya waliosema upande huu na upande huu, marekebisho ya hoja kama yalitolewa, na hesabu ya kura. Ni mifupa bila nyama. Lakini mwindaji aliyeona mfupa mmoja wa paja aweza kukuambia mnyama alikuwa mkubwa kiasi gani, na msomaji mwenye subira aweza kufanya vivyo hivyo na daftari. Na nitoe mfano.

KIJANA GLADSTONE

Mwaka 1831 bunge la Uingereza lilikuwa na mswada wa kurekebisha uchaguzi. Wakati ule watu wachache sana walikuwa na haki ya kupiga kura, na miji mingine mikubwa yenye viwanda haikuwa na mbunge hata mmoja, hali mahali pengine palipobaki nyumba chache tu palipeleka wabunge wawili. Mswada ule ulitaka kuondoa upungufu huo. Nchi nzima ilikuwa ikibishana.

Katika mwezi wa Mei mwaka ule chama cha Oxford kilijadili jambo hilo hilo. Akasimama kijana mmoja wa miaka 21, jina lake William Ewart Gladstone, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa karani wa chama, kisha rais wake. Akaupinga mswada kwa nguvu zake zote, akisema kwamba utaiharibu nchi. Kura zilipohesabiwa, upande wake ulipata 94, upande wa pili 38. Kati ya waliomsikiliza alikuwamo mtoto wa tajiri mmoja mkubwa mwenye cheo, naye alimsifu kwa baba yake. Kwa msaada wa tajiri yule Gladstone aliingia bungeni mwishoni mwa mwaka 1832.

Kama habari ingekoma hapo, tungesema tu kwamba kijana alijua kusema. Lakini Gladstone alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, na mwaka 1884 serikali yake ndiyo iliyopitisha sheria ya kuwapa haki ya kura mamilioni ya wanaume, wengi wao watu wa mashamba wenye mapato madogo. Yule aliyesema mwaka 1831 kwamba kuongeza wapiga kura kutaiharibu nchi, miaka 53 baadaye aliwaongeza yeye mwenyewe.

Je, daftari linamwaibisha? Sidhani. Mtu asiyebadili fikira tangu miaka 21 hata 74 ana hasara zaidi kuliko aliyebadili. Lakini kama karani asingaliandika, sisi tusingaliona umbali wa safari ile. Tungaliamini kwamba alizaliwa akifikiri kama alivyofikiri uzeeni. Basi hiyo ndiyo faida ya kwanza ya daftari: lamwonyesha mtu alipoanzia, asije akajidanganya wala kuwadanganya wengine kwamba daima alikuwa mahali alipo sasa.

WALE AMBAO MAJINA YAO HAYAMO

Daftari lile lile lafundisha jambo jingine, na hili ni zito zaidi. Katika mwezi wa Juni wa mwaka ule ule wa 1831 wanafunzi wa Oxford walijadili habari za watumwa wa visiwa vya West Indies, yaani Waafrika waliopelekwa ng'ambo ya bahari kulima miwa. Hoja ilitaka waachwe huru mara moja. Gladstone akatoa marekebisho: akataka sheria za kuwalinda watumwa, za kuwafundisha dini, na za kuwafungulia njia ya kupata uhuru polepole. Lazima tujue kwamba baba yake, John Gladstone, alikuwa na mashamba makubwa huko. Serikali ya Uingereza ilipoondoa utumwa katika makoloni yake, baba huyo alilipwa zaidi ya paundi 100,000 kwa ajili ya watumwa zaidi ya 2,500. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu.

Tazameni sasa mkutano ule. Vijana waungwana wamekaa katika chumba chenye moto wa kuota, wakijadili kama maelfu ya watu wengine wawe huru leo au kesho. Daftari lilitunza hoja na majina ya wasemaji. Lakini katika watu wote ambao habari zao zilikuwa zikijadiliwa, hapakuwapo hata mmoja wa kusimama na kusema, Mimi ndiye ninayekata miwa, nisikilizeni.

Basi kila usomapo daftari la mkutano wo wote, uulize maswali mawili. La kwanza: ni nani aliyesema? La pili: ni nani aliyesemwa, naye hakuwapo? Hata wanawake walikuwa katika hao wasiokuwapo. Vyama vile viwili vilikaa karibu miaka 150 bila kuwakubali wanawake kuwa wanachama. Vyote viwili viliwafungulia mlango mwaka 1963, wakati Tanganyika ilipokwisha kuwa nchi huru.

CHRISTIAN COLE, ALIYEKUFA UNGUJA

Ila haikuwa kwamba katika karne ya 19 hakuna Mwafrika hata mmoja aliyesimama katika chama cha Oxford. Yuko mmoja, na habari zake zatuhusu sisi, maana kaburi lake limo Afrika Mashariki.

Jina lake Christian Frederick Cole. Alizaliwa mwaka 1852 katika nchi ya Sierra Leone, Afrika ya Magharibi, naye alikuwa mjukuu wa mtumwa. Alisoma kwanza katika chuo cha Fourah Bay huko kwao, kisha mwaka 1873 akaingia Oxford kusoma lugha na elimu ya Wayunani na Warumi wa kale. Hakuwa tajiri. Fedha za nyumbani zilipopungua alifundisha wanafunzi wengine ili apate chakula na kodi. Alijulikana mjini hata wachoraji wa picha za mzaha wakamchora. Na katika chama cha majadiliano alisimama akasema, katika chama kile kile ambacho miaka 40 na zaidi iliyopita vijana walibishana kama watu wa damu yake wawe huru.

Mwaka 1876 alipata shahada yake. Mwaka 1879, Waingereza walipopigana na Wazulu, aliandika kijitabu kuvihukumu vita vile, akajitaja wazi katika jalada kuwa ni mtu mweusi mwenye shahada. Mwaka 1883 akawa wakili, Mwafrika mweusi wa kwanza kuruhusiwa kusimama katika mahakama za Uingereza. Lakini kazi haikumjia huko. Akasafiri kuja Unguja kufanya kazi ya uwakili, na mwaka 1885 alikufa hapo kwa ndui. Umri wake ulikuwa miaka 33 tu.

Kwa muda mrefu sana watu wachache walimkumbuka. Waliomrudisha katika kumbukumbu ni wale waliofunua madaftari na magazeti ya kale, wakaona jina lake hapa na pale, wakayaunga yale maandiko kama mtu aungavyo vipande vya chungu. Mwaka 2017 jiwe la ukumbusho lilibandikwa katika chuo chake cha Oxford. Lau jina lake lisingaliandikwa na makarani wa wakati wake, leo lingeandikwa na nani juu ya jiwe?

WATOTO WA KIUNGANI

Na mahali pale pale Unguja, katika miaka ile ile, walikuwapo vijana wengine walioshika kalamu. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubu Cambridge akawaomba wanafunzi waikumbuke Afrika. Kutokana na maneno yake ilianzishwa misheni ya vyuo vikuu, ambayo mwaka 1864 ilihamia Unguja. Huko Kiungani, nje kidogo ya mji, ilijenga shule. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa, watu wa makabila mengi ya bara, kama Wayao na Wanyasa, ambao hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili walichojifunza hapo.

Mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, aliwaambia waandike habari za maisha yao: kwao kulikuwaje, waliibwaje, waliuzwa mara ngapi, walifikaje pwani. Wakaandika kwa Kiswahili. Madan akayafasiri kwa Kiingereza, na mwaka 1887 yakapigwa chapa London katika kitabu kilichoitwa kwa jina la shule yao. Hapa lile pengo la mwaka 1831 lilianza kuzibwa. Wale waliokuwa wakisemwa sasa walisema wenyewe. Hata hivyo tuone na upungufu wake: maneno yaliyoandikwa kwa Kiswahili yalitolewa kwa lugha ya mbali, na jirani wa watoto wale hakuweza kuyasoma.

Mwaka uliofuata, yaani 1888, palianza Kiungani gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, nalo lilifanywa na wanafunzi wa shule hiyo. Lilichukua habari za shule yenyewe, pamoja na habari kutoka Magila, Masasi na vituo vingine vya misheni bara. Ni moja la magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Wasomi wanaotaka kujua leo maisha ya wakati ule hawawezi kulipita, kwa sababu ndani yake waliandika watu wa nchi hizi wakiwaandikia watu wa nchi hizi. Halikuwa daftari la mjadala, lakini lilifanya kazi ile ile: lilizuia maneno ya wanafunzi yasipotee na upepo.

HUKU KWETU MILIMANI

Sasa turudi Njombe. Wakati watoto wa Kiungani walipoandika, huku kulikuwa na mashauri makubwa barazani. Miaka ya 1890 ilikuwa miaka ya vita vya Mkwawa na Wadachi. Kisha mwaka 1905 vikaja vita vya Maji Maji, navyo vilifika hata Yakobi, karibu na Njombe, ambako kituo cha misheni kilishambuliwa. Kabla ya mtu kushika mkuki siku zile, hapana shaka palikuwa na baraza. Mmoja alisema twende, mwingine alisema tusiende. Mmoja aliiamini dawa ya maji, mwingine aliishuku. Huo ulikuwa mjadala wa kufa na kupona. Lakini hapakuwa na karani. Maneno yaliyoandikwa wakati ule kwa wingi ni ya maofisa na wamisionari Wadachi, nao waliandika waliyoyaona kutoka upande wao.

Mwaka 1968, miaka 63 baadaye, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwauliza wazee waliobaki habari za vita vile, na majibu yao yakaandikwa na kukusanywa. Ilikuwa kazi njema sana, na kwayo twajua mengi ambayo Wadachi hawakuyaandika. Lakini fikirini: aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa vita alikuwa sasa na miaka 78. Wakuu waliosema barazani walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walikuwa ni wale waliokaa nyuma wakisikiliza, na kumbukumbu zao zilikuwa zimepita katika njaa, kodi na miaka mingi. Ndiyo gharama ya kukosa daftari: lililoweza kuandikwa kwa jioni moja lilitafutwa baada ya miaka 63, nalo likapatikana nusu.

Wala tusiwalaumu wazee. Hawakuwa na kalamu wala karatasi, na vichwa vyao vilikuwa ndiyo nyaraka zao. Lawama itatuangukia sisi, tulio na karatasi na tusiandike. Katika shule nyingi leo chama cha mdahalo kipo, na vijana husema vizuri. Julius Nyerere naye, alipokuwa mwanafunzi wa Tabora kabla ya kwenda Makerere mwaka 1943, alishiriki sana katika majadiliano ya shule yake. Lakini uliza shuleni, Mwaka juzi mlijadili nini, na kura zilikuwa ngapi? Utaambiwa kwamba aliyekuwa karani amemaliza shule akaondoka na daftari. Au lilikuwamo kabatini, mchwa wakalila. Au karatasi zake zilichanwa, na sasa zafungia karanga sokoni Makambako.

NAMNA YA KULITUNZA DAFTARI

Kazi yenyewe si ngumu, wala haitaki fedha nyingi. Nitaieleza kwa utaratibu, ili mwanafunzi wa darasa lo lote aweze kuifanya.

Kwanza, nunueni daftari gumu lenye jalada zito, lisiwe la kurasa za kuchanika. Katika ukurasa wa kwanza andikeni jina la chama, jina la shule au kijiji, na mwaka daftari lilipoanza. Kurasa zote zitiwe namba kabla ya kuandika, ili ukurasa ukichanwa ijulikane.

Pili, andikeni kwa wino, si kwa penseli. Neno likikosewa, likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, na la sawa liandikwe juu yake. Asiyefuta ndiye anayeaminiwa.

Tatu, hoja iandikwe neno kwa neno, maana neno moja laweza kugeuza maana yote. Tuchukue mfano wa jambo linalojulikana sana kwa wakulima wa viazi wa Njombe. Hoja ikisema, Viazi viuzwe kwa mizani tu, wala si kwa gunia la lumbesa, ni hoja moja. Ikisema, Yafaa viazi viuzwe kwa mizani, ni nyingine; ya kwanza yakataza, ya pili yashauri. Karani akiandika tu kwamba walijadili habari za viazi, hakuandika kitu.

Nne, andikeni majina kamili ya wasemaji, pamoja na upande wa kila mmoja, na kwa kila msemaji sababu yake kuu moja kwa mistari miwili au mitatu. Hapa tuwapite wale wa Oxford, ambao waliandika mifupa tu. Kwa mfano karani aweza kuandika hivi: Alisema kwamba mkulima apimiwaye kwa lumbesa humpa mnunuzi viazi vingi bila malipo. Na kwa anayepinga: Alisema kwamba mnunuzi akikosa lumbesa atakwenda kununua mahali pengine, na viazi vitaozea shambani. Baada ya miaka 50 mtu akisoma mistari hiyo minne atajua wakulima wa wakati wetu walisumbuka kwa jambo gani.

Tano, kura ziandikwe kwa hesabu: waliokubali, waliokataa, na walionyamaza. Kusema wengi walikubali hakutoshi. Walioshindwa nao wana haki ya kuhesabiwa, maana mara nyingine walioshindwa leo ndio watakaoonekana kesho kuwa walisema kweli.

Sita, yale yaliyoandikwa yasomwe mwanzoni mwa mkutano unaofuata mbele ya wote. Mtu akiona kwamba amewekewa neno asilolisema, aseme hapo hapo, lirekebishwe. Kisha mwenyekiti na karani watie sahihi zao. Hapo daftari lawa la chama chote.

Saba, daftari likijaa lisikae kwa mtu. Likabidhiwe kwa mwalimu mkuu au ofisi ya kijiji, liwekwe katika sanduku la bati mahali pakavu, mbali na ukuta wenye mchwa, na atakayelipokea atie sahihi. Milimani kwetu ukungu na mvua huleta unyevu mwingi. Kwa hiyo litolewe mara moja kwa mwaka siku ya jua, lipigwe upepo.

Nane, na hili nalisema kwa mkazo, karani aandike pia ni nani waliokuwapo. Je, wasichana walisema au walisikiliza tu? Je, wazazi waliitwa? Kama hoja ilikuwa juu ya wachungaji wa ng'ombe, alikuwapo mchungaji hata mmoja? Tumeona jinsi vijana wa mwaka 1831 walivyojadili watu wasiokuwapo chumbani. Tusiwacheke, kisha tukafanya vile vile.

NENO LA MWISHO

Huenda mwanafunzi mmoja akasema moyoni, Mimi ni nani hata maneno yangu yaandikwe? Sisi ni wa kijiji tu, na hoja zetu ni za viazi, miti na maji ya bomba. Namjibu hivi. Wanafunzi wa Oxford walipoandika jina la Gladstone mwaka 1830 hawakujua kwamba atakuwa Waziri Mkuu. Kwao alikuwa kijana mwenzao tu. Watoto wa Kiungani walipoandika jinsi walivyouzwa walikuwa hawana baba, hawana mama, hawana shamba. Na leo wasomi wa mataifa huyatafuta maneno yao. Hakuna ajuaye tangu mwanzo ni ukurasa gani utakaotakiwa. Kwa hiyo huandikwa zote.

Basi, ninyi wa Njombe, ninyi wa Makambako mlio katika njia panda ambapo reli na barabara zakutana na watu wa kila upande wapita na habari zao, na ninyi wa vijijini: shule yenu ikiwa na chama cha majadiliano, Ijumaa ijayo ulizeni daftari liko wapi. Likiwapo, lifungueni mlisome. Likiwa halipo, mchague karani mwenye mwandiko wa kusomeka, mnunue daftari, mwandike tarehe katika mstari wa kwanza.